Mwanajuma Ndani ya Tramu

Tangu turudi, kila anayeingia mkahawani kwangu huniuliza kabla hajaagiza chai: "Zuhura, kwani huko Istanbul kulikuwaje?" Nami nina sahani mkononi, mtu mwingine ananiita, mahamri yanataka kugeuzwa, basi nasema, "Kulikuwa na baridi," na huyo naondoka. Hilo si jibu, najua. Leo ni Ijumaa, nimefunga, nimeketi niwaandikie nyote mliouliza. Habari za pasi na viza nitaziruka, maana hizo hazina ladha hata kwa aliyezihangaikia.

Malindi hadi Mombasa

Mwanajuma aliwafundisha wengi wenu kusoma na kuandika. Mimi namjua tangu tukiwa wasichana wa chuoni kwa maalim, yeye mtulivu, mimi nisiyekalika. Mumewe, Mwalimu Athman, alipofariki mwaka jana, alikaa eda miezi minne na siku kumi kama inavyotakiwa. Eda ikaisha, yeye hakutoka. Dirisha la mbele likabaki limefungwa. Harusini haji, msibani haji, hata kwangu, mwendo wa dakika tano, haji. Anajidunga sindano yake ya kisukari, anakula tonge mbili, anarudi kitandani.

Binti yake Salma, anayeishi naye nyumba moja, ndiye aliyenifuata.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Nimechoka kumbembeleza. Wewe ukimshika mkono atakwenda. Mchukue hata siku nne tu, mahali ambapo hakuna mtu wa kumpa pole."

Istanbul ilitokana na mambo mawili. Kulikuwa na ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa, saa saba bila kushuka popote. Na Mwanajuma alikuwa amewachorea watoto ramani ya mji ule ubaoni miaka thelathini, mji uliokaa juu ya mabara mawili, naye hajawahi kuuona.

Dereva wetu alikuwa Kahindi, kijana wa Vitengeni mwenye teksi na adabu zake. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Mwanajuma alikaa nyuma na tasbihi yake, kimya, mpaka tulipovuka daraja la Kilifi. Hapo akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia darasani:

"Kahindi mwanangu, geuza gari."

"Endesha!" nikasema mimi.

"Geuza."

Kahindi akaegesha pembeni, akazima injini. "Nyinyi ni mama zangu nyote wawili," akasema. "Nikimsikiza mmoja, mwingine nimemkosea. Mkiafikiana mniite." Akashuka kwenda kutafuta korosho.

Mimi nilikuwa nahesabu dakika. Nagonga vidole kwenye kioo, natazama saa, natazama barabara. Mwanajuma akaniambia, "Nimetoka bila kuiaga nyumba. Sijaaga kitu, Zuhura. Umenitoa mbio mbio."

Nikamjibu neno ambalo hata sasa sijui lilikuwa la huruma au la ukali. "Nyumba haitakujibu, shoga. Miezi yote hii umeisemesha, imekujibu nini?"

Aliangalia nje mpaka Kahindi akarudi na pakiti tatu za korosho, akatusubiri nje ya mlango kama askari. Kisha Mwanajuma akapangusa uso kwa ncha ya buibui. "Mwambie awashe," akasema.

Mtwapa barabara ilikuwa inachimbwa na magari yamesimama hadi upeo wa macho. Mimi siwezi kukaa ndani ya gari lisilokwenda. Nilishuka nikatembea kwa miguu, nikalipita lori la saruji na basi mbili, nikafika mbali, halafu ikanibidi nisimame juani nusu saa nikiungoja usafiri wangu mwenyewe. Gari lilipofika Mwanajuma aliteremsha kioo. "Umefika kabla yetu," akasema. "Sasa una nini?"

Saa saba bila kushuka

Kama nanyi hamkaliki, nawaonya kuhusu ndege ya moja kwa moja. Uzuri wake ndio ubaya wake. Hakuna kituo. Nilinyanyuka mara ya kwanza hata taa ya mkanda haijazimika, mhudumu wa ndege akanirudisha. Nilitembea mpaka chooni na kurudi mara sijui ngapi. Nilimfikiria Mama Akinyi wa Kisumu Ndogo niliyemwachia mkahawa: je, mbaazi ameziloweka? Jamaa mmoja wa kiti cha pembeni, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mombasa, aliniuliza kwa upole kama nina tumbo. Nikamwambia sina tumbo, nina miguu.

Mfuko wa baridi wenye sindano za Mwanajuma niliubeba mimi. Hata tende, biskuti na simu yake vilikuwa kwangu, ndani ya mkoba wangu mkubwa, kwa sababu sikumwamini na chochote. Huzuni inasahaulisha. Kila saa ya chakula nilimpa sindano yake, akajidunga kwa staha chini ya shali, kisha nikamsimamia ale.

Chakula kilikuja na vitunda vyeusi vinavyong'aa, vidogo vya duara. Mwanajuma akavitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Malindi macho yake yakachangamka. "Zambarau!" akasema, akatia mbili kinywani pamoja. Zilikuwa zeituni zilizolala kwenye chumvi. Uso wake ulijikunja wote. Hakuweza kutema mbele ya yule mfanyabiashara, hakuweza kumeza. Mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Alizimeza, akanywa maji, akageukia dirishani. Nikajiona mjinga.

Marahaba

Saa zao ni sawasawa na zetu, hata hatukugusa mishale. Ila baridi ya huko ilitupiga usoni tulipotoka mlangoni, na Mwanajuma akarudi ndani hatua mbili kama mtu aliyekosea nyumba.

Hotelini, kijana wa mapokezi, hajafika hata miaka ishirini na mitano, alitutazama akasema, "Merhaba."

Mwanajuma akasimama pale pale. "Zuhura, umesikia? Sisi tumemwamkia nani? Mtoto huyu anatuitikia marahaba kana kwamba tumempa shikamoo!"

Nikamwambia labda amekosea. Lakini aliyetubebea mizigo naye, marahaba. Msichana wa duka la maji, marahaba. Mwanajuma alipandwa na hasira ya mwalimu, na hasira ilimfaa kuliko kimya. Jioni ile, mzee mmoja aliyetuuzia supu ya dengu aliposema tena lile neno, Mwanajuma akamjibu kwa Kiswahili kamili: "Wewe angalau una mvi." Mzee akacheka, akamwongezea kipande cha limau. Baadaye tukaelewa kwamba kwao ndiyo salamu yenyewe. Mwanajuma akasema basi ni mji mzima wa watu wanaoitikia kabla ya kuamkiwa, na hapo niliona kona ya mdomo wake ikinyanyuka kidogo.

Supu aliimaliza. Niliandika ujumbe kwa Salma: Mama amekula.

Kituo cha tramu

Sasa nafika penyewe.

Asubuhi ya pili niliamka mapema, kama kawaida yangu, sina mahamri ya kukanda. Nilizunguka chumba, nilitazama paka barabarani, nilipanga upya sanduku ambalo halikuhitaji kupangwa. Saa mbili kasorobo nikamwambia Mwanajuma ajidunge ili tukishuka tule. Akajidunga. Tukashuka. Mlango wa chumba cha kulia umefungwa. Mhudumu akatoa kichwa, akaonyesha vidole vyote kumi. "Dakika," akasema. Dakika! Neno letu hasa. Mkate ulikuwa umechelewa, dakika kumi.

Dakika kumi, jamani. Mtu mwingine angekaa.

"Twende," nikasema. "Mji mzima unauza mkate. Tutakula mbele, twende tuuone msikiti mkubwa kabla watu hawajajaa."

"Zuhura, nimeshajidunga."

"Ni hapo tu."

Alinifuata. Alikuwa amezoea kunifuata kwa miaka mingi, kuanzia chuoni.

Kituo cha tramu kilikuwa karibu na maji, watu wengi, wanatembea kama wanaofukuzwa. Pembeni palikuwa na mkokoteni wa mikate ya duara yenye ufuta. Mwanajuma akaelekea huko. Wakati ule ule tramu ikaingia. "Panda, panda! Tutanunua tukishuka," nikasema, nikamsukuma mgongoni. Naam, nilimsukuma kwa mkono huu. Akapanda. Mimi nikageuka kumuuliza bwana mmoja kama hii ndiyo inayokwenda msikitini, nikamwonyesha picha kwenye simu yangu. Nyuma yangu nikasikia mlio. Nilipogeuka milango ilikuwa imefungwa.

Mwanajuma alikuwa upande wa pili wa kioo. Hakupiga kelele. Alinitazama, akanyoosha kidole chini, mara mbili, kwa nguvu, kama anayemwonyesha mtoto mahali pa kuketi. Kisha tramu ikamchukua.

Nilielewa hivi: nitashuka kituo kinachofuata, nifuate. Nikaingia tramu iliyofuata. Nilisimama nimebana pua kwenye kioo. Mkoba ulikuwa begani mwangu, na ndani yake tende zake, biskuti zake, simu yake. Mwilini mwake dawa ilikuwa inafanya kazi na tumboni hamna kitu.

Kituo kilichofuata hakuwapo. Nikafikiri hakuwahi kushuka, nikaendelea. Kilichofuata, hayupo. Nilishuka, nikapanda, nikashuka. Niliita jina lake mbele ya watu ambao waligeuka wote kasoro yeye. Kila buibui jeusi lililopita nililifuata. Mara moja nilimshika mama wa watu mkono, akaruka. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Nilianza kumhesabia: ameshafika nusu saa, sasa anatetemeka, ameshafika dakika arobaini, sasa macho yanaingia giza. Nilimwona ameanguka mahali, watu wanamruka. Nikawaza maneno nitakayomwambia Salma, nikayakosa.

Mwisho wa njia palikuwa na mlinzi wa kituo, kijana mnene mwenye redio kifuani. Alinipa simu yake yenye kutafsiri, akaashiria niseme. Nikasema mbio mbio: "Rafiki yangu amepotea, amejidunga sindano, hajala!" Simu ikatafakari, ikasema Kituruki chake. Yule kijana akatoa macho. Akajishika koo, akaonyesha kitu kinachoshuka, akatikisa kichwa kwa hofu. Alikuwa ameambiwa kwamba rafiki yangu amekula sindano.

"La, la, la!" nikamwambia. Nikajichoma tumboni kwa kidole, nikaonyesha mkono mtupu ukienda kinywani, nikajitetemesha pale mbele ya watu kama mwenye pepo. "Sukari! Kisukari! Sukari!"

"Şeker?" akasema.

Kwa sikio langu lilikuwa shekeri, na shekeri na sukari ni ndugu, hata mlevi angesikia. "Eeh! Ndiyo! Hiyo hiyo!"

Akainua redio. Alisema, akangoja, akasema tena. Sikuwahi kungoja hivyo maishani mwangu. Hakukuwa na pa kukimbilia, miguu yangu yenyewe haikujua iende wapi, basi ikasimama. Redio ikakoroma. Kijana akasikiliza, akanionyesha kwenye ramani ya ukutani kituo kimoja kwa kidole chake kinene.

Kilikuwa kile kile tulichoanzia.

Mkokoteni wa mikate

Alikuwa amekaa kwenye kistuli karibu na ule mkokoteni, koti la mwanamume mabegani, glasi ndogo ya chai mikononi, ufuta umemjaa kidevuni. Muuzaji wa mikate, bwana wa makamo mwenye masharubu, alikuwa amesimama na shati tu katika baridi ile, amemkingia upepo kwa mwili wake.

Nilifika mbele yake. Niliketi chini, kwenye mawe, na watu wakipita.

"Nilikwambia ukae hapo," akasema Mwanajuma. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake.

"Ulinyoosha kidole. Nilidhani..."

"Hukudhani, Zuhura. Ulikimbia tu."

Alikuwa ameshuka kituo kinachofuata, akavuka upande wa pili, akarudi. Mambo ya akili timamu. Tramu yake na yangu zilipishana njiani. Alipofika hakunikuta. Akasimama anisubiri, miguu ikaanza kulegea, mikono ikatetemeka, na hapo akamwendea yule bwana akamwonyesha vidole vinavyocheza na kusema neno moja, sukari. Bwana akamkalisha, akakoroga vipande vinne vya sukari katika chai, akamshikia glasi mwenyewe mpaka akaweza kuishika. Kisha akamvunjia mkate, kipande baada ya kipande.

Nilitaka kumlipa. Alirudisha mkono wangu. Akamwonyesha Mwanajuma, akasema, "Misafir."

"Msafiri," akasema Mwanajuma. "Anasema mimi ni msafiri."

Kijana wa hotelini alitueleza baadaye kwamba kwao neno hilo maana yake ni mgeni. Mwanajuma akasema hakuna tofauti kubwa.

Siku mbili zilizobaki

Mimi nilitaka kurudi. Nilikuwa tayari kubembeleza watu wa ndege watubadilishie siku. Alasiri ile nilikunja nguo zake, nikamwambia, "Nimekukosea. Nikupeleke kwa mwanao ukiwa mzima."

Alikuwa amelala chali akitazama dari. "Zirudishe nguo," akasema. "Nikwambie kitu, lakini usinikatize. Tangu Athman aondoke nilikuwa nikijidunga kwa sababu Salma ananitazama. Siku asiyonitazama, nasahau. Si kusahau hasa. Leo nilipoona giza linakuja machoni, nilifikiri nitasema alhamdulillahi. Badala yake nilimvamia mwanamume nisiyemjua nikamwomba sukari. Nilitaka sukari, Zuhura. Nilitaka ile chai kama mtoto. Sikujua kama bado nataka."

Sikumkatiza. Lakini sikuweza kukaa pia; nilisimama katikati ya chumba na gauni lake mkononi.

Siku mbili zile tulikwenda kwa mwendo wake. Tuliingia msikitini, tukakaa kwenye zulia mpaka watalii wakatuzunguka kama nguzo. Tulivuka maji kwenda bara la pili, na alipokanyaga upande ule alitua mguu mmoja, akautazama, akatua wa pili. "Nimefundisha uongo," akasema. "Ubaoni niliweka mstari mnene. Kumbe hapana mstari."

Asubuhi ya mwisho alivaa viatu akasema anakwenda kumpelekea yule bwana korosho za Kilifi. Peke yake. Nikasimama dirishani. Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko ile ya kusimama dirishani. Nilimwona akipita paka, akipita duka la maji, akakunja kona. Niliweka mkono kwenye kitasa cha mlango nikautoa, nikauweka, nikautoa. Alirudi baada ya dakika hamsini, na mikate mitatu.

Nyumbani kwa Salma

Tulifika Malindi alasiri, Salma amesimama barazani. Alimkumbatia mama yake, akamshika mashavu, akasema amenenepa. Kisha akauliza habari. Nikafungua mdomo, lakini Mwanajuma akanitangulia.

"Nilipotea mwanangu, kwa upumbavu wangu. Macho yangu yalikuwa kwenye duka la vitambaa, nikapanda tramu isiyo yangu, maskini Zuhura akanitafuta mji mzima."

Salma akanishukuru. Alinishika mikono miwili akanishukuru, nami nikanywa juisi ya ukwaju aliyoniletea, nikasema mkahawa unaningoja, nikaondoka.

Na ndivyo Mwanajuma alivyowasimulia nyote, nyumba baada ya nyumba, maana sasa anatembea. Mmecheka. Mmeniambia nina moyo, Zuhura, wa kuvumilia mtu anayepotea hivyo. Sikuwarekebisha. Wiki tatu nilikuwa nikiisikia hadithi hiyo na kuitikia kwa kichwa. Sasa mmesoma ilivyokuwa: hakupotea. Nilimtoa hotelini hajala baada ya kujidunga, nikamsukuma ndani ya tramu, nikamkimbia alipotaka nisimame.

Juzi nilikwenda kwa Salma. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, viatu miguuni, mkono kwenye fremu. Salma alisikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kushangaa.

"Mama aliniambia wiki ile ile mliyorudi," akasema. "Alinikataza nisikuulize. Alisema utakuja mwenyewe."

Kutoka chumba cha ndani, ambako dirisha lilikuwa wazi, nikasikia sauti ya Mwanajuma.

"Ni yeye?"

"Ndiyo, Mama."

"Amesema?"

"Amesema."

"Basi mwambie avue viatu," Mwanajuma akasema. "Aketi."